Kilichokuwa Kinagonga Chini ya Kitanda cha Bibi

Chini ya kitanda cha bibi yangu kulikuwa na kitu kinagonga, na hakikuwa panya.

Ko. Ko. Halafu kimya.

Bibi alipomwambia mjomba, mwanawe tunayeishi naye, mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama yake ameanza kupata wageni wasioonekana, tuwapikie chai.

Mimi sikucheka. Nalala chumba hicho hicho na bibi.

Nikagundua jambo. Kitu kile kiligonga mchana, majirani wa upande wa juu wa mtaa wakishafua na kumwaga maji mtaroni. Mtaro unapita mbele ya nyumba yetu, umefunikwa kwa mifuniko ya zege. Maji yanaingia upande wa juu. Upande wa chini, mtaro unapotokea, ni vumbi tupu.

Sasa yanaenda wapi?

Nikagusa sakafu. Baridi kama mtungi.

Wiki hiyo mtaa ulikuwa unajengewa njia ya waenda kwa miguu juu ya mtaro huo huo, na fundi mkuu ni mjomba. Alikuwa mbio mbio. Vitofali vikishapangwa juu yake, nani atafungua mifuniko tena?

Nilimwambia bibi. Akanitazama sana.

"Kamwambie mjomba wako."

Mimi si mtu wa kueleza mambo mbele ya watu. Shule ya msingi sikumaliza, na mjomba hunikumbusha hilo kila nikifungua mdomo.

Kwa hiyo nilikwenda nikasimama tu juu ya mfuniko, pale vitofali vilipofikia.

"Toka hapo, mwanangu, tunafanya kazi."

"Sitoki. Fungua kwanza."

Mafundi wakaanza utani. Mmoja akasema nimeshaota mizizi, wanizungushie vitofali nipendeze. Watu wakajaa. Sikushuka. Bibi akasikia zogo, akaacha usingizi wake wa mchana, akaja na mkongojo kusimama kando yangu.

Mjomba akachukua mtaimbo. "Nafungua, uone hakuna kitu, halafu ukaoshe vyombo."

Akainua.

Mtaro ulikuwa umezibwa na bonge la zege, la duara, laini chini, umbo la karai kabisa. Nyuma yake maji meusi yametulia, kama yanatusubiri.

Utani ukaisha. Wote walijua nani alijenga kibaraza chetu hapo mbele, na nani akimaliza kazi hubwaga zege lililobaki mtaroni.

Mjomba alilivunja mwenyewe kwa nyundo. Maji yakaondoka yakikoroma.

Kisha ndani ya nyumba tukasikia kishindo.

Sakafu ya chumba chetu ilikuwa imezama. Maji yalikuwa yamekula udongo wote chini yake, na yalipoondoka hakikubaki cha kuishikilia. Kitanda cha bibi kilikuwa shimoni, miguu juu. Kando yake kopo tupu la rangi, lililoingia na maji ya mtaro kwenye ufa mpana wa msingi. Ndilo lililokuwa linaelea na kugonga sakafu kwa chini.

Bibi aliangalia kitanda chake, akanishika mkono.

Tulipotoka nje, mama wa nyumba ya jirani, ambako njia imeshapangwa na kupendeza, alikuwa amesimama kwenye vitofali vipya. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Hicho kitu chenu, kilikuwa kinagonga vipi?"

Mjomba akaokota mtaimbo.

Mnaosoma hapa, kabla ya kupamba juu, fungueni chini muone maji yanaenda wapi. Na mzee akisema anasikia kitu, acheni habari za chai. Wekeni sikio sakafuni.