Pete ya Mdomo wa Mgono

Tangu mke wangu afariki, nasuka migono, mitego ya matete ya kukamatia samaki, barazani kwangu hapa Mofu. Wateja walikuwa wakija na mikanda ya plastiki, ile inayofunga maboksi madukani. Nilikuwa naukunja mkanda uwe pete ya mdomo wa mgono, natoboa ncha zake kwa msumari wa moto, kisha naziunga kwa uzi wa nyavu. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Mteja alikuwa akikaa papo hapo kusubiri, akinipa habari za mpunga, za Ifakara, za nani kaoa. Kwa siku nyingi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote.

Jumapili moja binti yangu, anayenunua samaki kwenye delta ya Rufiji, alinitumia picha, kisha akapiga simu.

"Shikamoo, baba. Umemwona?"

"Marahaba. Nimemwona."

Papa mdogo, urefu wa mkono wangu. Pete ya plastiki ilikuwa nyuma ya matamvua yake. Aliivaa akiwa mdogo zaidi. Yeye akakua, pete haikukua. Ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Wavuvi wanamtania eti kaposwa," alisema. "Amekonda, kichwa tu. Baba, si mikanda kama yako hiyo?"

Niliikuza picha. Matundu mawili, kingo zimeyeyuka, uzi wa nyavu. Wasukaji wote wa huku tunaunga hivyo. Kila mafuriko huondoka na migono yetu. Matete huoza njiani, pete hubaki, na maji ya Kilombero huingia Rufiji.

"Inaweza kuwa yangu," nikamjibu. Akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake nilimwambia mteja wa kwanza kwamba sasa pete ya mdomo naisuka kwa magome ya miti, na magome hulowekwa siku mbili.

"Mzee, umeanza kuringa? Siku mbili nasubiri kamba inywe maji?" Alicheka, akauchukua mkanda wake, akaenda kwa msukaji mwingine.

Wachache wamebaki. Huagiza wakiwa juu ya pikipiki, na siku ya tatu huchukua mgono bila kuzima injini. Sina cha kuwalaumu. Hakuna cha kukaa kusubiri tena. Kigoda walichokuwa wakikalia nimekiwekea beseni la magome.