Mihuri Mitano ya Masinde

Ndugu yangu Masinde alipata leseni ya kuendesha lori Januari 1969, na kabla mwezi haujaisha mimi dada yake nilikuwa nimeshamwelekeza pabaya. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma. Watu wa Manyatta, mtaa wetu hapa Kisumu, wakimsema Zadock, tajiri wake, mimi huitikia kwa sauti, lakini nikibaki peke yangu najua nani alifungua mdomo kwanza.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Miaka tisa alikuwa kuli bandarini Kisumu, akishusha pamba na kahawa kutoka kwenye meli za ziwani, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Udereva alijifunza siku za Jumapili, kwa kumwoshea lori dereva mmoja ambaye naye alimwachia usukani kwenye barabara za mashamba ya miwa, upande wa Miwani. Siku alipofaulu mtihani alikuja mbio mpaka kibandani kwangu Nyamasaria, pale malori ya Nairobi yaliposimama watu wakanywa chai, akaweka kile kijitabu juu ya meza yangu iliyojaa unga wa mandazi. Nikakifuta haraka kwa leso. Tulicheka mpaka wateja wakauliza kuna nini.

Kazi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwenye kampuni ya kubeba mafuta kwenda Uganda, yenye yadi karibu na reli. Afisa wao wa kuajiri, Bwana Kinyua, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya chini, alimwambia angoje mpaka Mei. Akishaanza angekaa miezi sita kando ya dereva mzoefu bila kugusa usukani, akifundishwa sheria za barabarani, makaratasi, na jinsi ya kulikagua lori kila asubuhi kabla halijatoka. "Ukiona kasoro, unakataa kutoka," Kinyua alimwambia. "Hapa dereva anaruhusiwa kukataa." Masinde alinisimulia maneno hayo kama kichekesho. Dereva amkatalie tajiri? Nikacheka pamoja naye.

Kazi ya pili ilikuwa kwa Zadock, mtu wa kwetu Kimilili na mzee wa kanisa letu. Alikuwa na lori moja, Bedford kuukuu iliyobeba samaki wakavu kutoka Port Victoria, ikapita Kisumu, ikapanda mpaka Kericho. Dereva wake alikuwa ameondoka. Alitaka mtu Jumatatu.

Jumapili baada ya ibada alitusimamisha nje ya kanisa. "Elsie, mama, ongea na huyu ndugu yako. Miezi sita kukaa kando kama abiria ni ya nini? Mtu ako na leseni yake!"

Nami bila kufikiri nikasema, "Masinde, huyo Kinyua unamjua? Ukigonjeka huko kwake, nani atakuja kuambia mimi? Mzee ni mtu ya nyumbani."

Masinde alinitazama. Tangu mama afariki, neno langu alilichukua kama la mama. Jumatatu asubuhi alikuwa njiani kwenda Port Victoria.

Sasa ni lazima nieleze jinsi mambo ya malori yalivyokuwa, kwa maana asiyejua atasema ndugu yangu alikuwa mjinga, na hakuwa mjinga. Lori likikamatwa kwa tairi lililoisha au mzigo uliozidi, aliyeitwa kortini ni dereva, si mwenye lori. Dereva akibisha, kesi inasogezwa mbele, lori linabaki yadi ya polisi kama ushahidi na mzigo unaharibika. Kwa hiyo desturi ilikuwa moja, nao madereva waliitaja kibandani kwangu kila siku: kesi ni ya dereva, faini ni ya tajiri. Dereva anasimama, anasomewa, anasema ni kweli, tajiri analipa, na mchana lori liko barabarani. Aliyebisha aliitwa mkaidi na hakuna aliyemwajiri tena.

Masinde alikamatwa mara ya kwanza Agosti mwaka huo, kwa matairi. Alikuwa amemwambia Zadock habari za matairi hayo mara mbili. Alikuja kibandani akitokea kortini, akaagiza chai na mandazi manne.

"Wamekufanya nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Dada. Nimekubali, Mzee amelipa. Karani amegonga muhuri kwa leseni, mambo imekwisha."

Alisema muhuri kwa furaha, na hapo ndipo penye uchungu wangu wote. Bandarini, gunia halitoki getini mpaka karatasi yake igongwe muhuri. Muhuri ni ruhusa. Ni kusema mzigo umehesabiwa, hauna neno, pita. Kwa miaka tisa hiyo ndiyo elimu aliyoipata, na alikuwa ameishia darasa la tatu. Kilichoandikwa kando ya muhuri kilikuwa Kiingereza cha mkono wa haraka, na mimi mwenyewe nasoma Biblia ya Kiswahili tu. Tena leseni yenyewe ilikaa ndani ya sanduku la Zadock. Matajiri wengi walifanya hivyo ili dereva asihame. Zadock ndiye aliyeipeleka kortini, naye ndiye aliyeirudisha.

Mara ya pili ilikuwa breki. Mara ya tatu mzigo, ya nne taa, ya tano breki tena. Kila mara Masinde alikubali, na kila mara alirudi akala kwa hamu. Ile Bedford alikuwa ameizoea kupita kiasi. Kwenye mteremko wa kutoka Kericho alikanyaga breki mara tatu tatu ndipo zishike, na akishindwa alilishikilia lori kwa gia. Madereva wenzake walimsifu. Mimi nilizisikia sifa hizo kibandani, nikaendelea kumimina chai.

Mwaka 1973 ikasikika kwamba ile kampuni ya mafuta inaajiri tena, safari hii madereva wenye miaka minne ya kazi. Masinde alikuwa na minne na zaidi. Sikuwa nimemwona amechangamka hivyo tangu siku ya unga wa mandazi. Kampuni ilikuwa na sare ya kaki, matibabu, na malori ambayo ukikanyaga breki yanasimama. "Nimechoka kuomba Mungu kila mteremko," aliniambia, nami niliona aibu, kwa sababu maombi hayo mimi ndiye niliyemtafutia.

Alimwomba Zadock leseni. Nilidhani mzee atakataa. Alifungua sanduku, akampa, akatabasamu, akamwambia, "Enda ujaribu bahati yako, ndugu yangu." Ningekuwa na akili ningeogopa lile tabasamu. Badala yake nilisema, unaona, ni mtu wa nyumbani.

Siku iliyofuata tuliketi Manyatta mlangoni kwangu tukifungua kile kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Mihuri mitano, mizuri, ya duara. Masinde aliipitishia kidole mmoja mmoja. Nilimpigia pasi shati jeupe, na asubuhi sikufungua kibanda. Nilimsindikiza mpaka yadi ya kampuni, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, nalo lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilisikia kila neno.

Kinyua alimkumbuka. "Masinde wa bandarini. Nilikuambia ungoje Mei."

"Ndiyo, Bwana. Lakini sikukaa bure. Angalia." Nikasikia kurasa zikifunguliwa. Ndugu yangu mwenyewe alizifungua. "Angalia hii mihuri yote. Tano. Nimefanya kazi."

Kurasa zikafunguliwa tena toka mwanzo, moja moja, mpaka nikasimama.

"Bwana Masinde," Kinyua akasema polepole, "nani alikuambia hii ni kazi?"

"Si ni korti imegonga?"

"Korti imegonga makosa. Hii hapa, tairi mbovu. Hii, breki. Mzigo kupita kiasi. Taa. Hii ya mwisho, breki tena. Zote ulikubali?"

"Nilikubali."

"Hata moja hukukataa?"

"Bwana, hiyo yote ni makosa ya lori."

"Lori haina leseni," Kinyua akasema. Hakusema kwa dharau, na hilo lilinichoma zaidi. "Jina iliyoandikwa hapa ni yako."

Ndipo Masinde alipoanza kuomba, na sikuwahi kumsikia akimwomba mtu. Akasema atakaa kando miezi sita. Akasema hata mwaka mzima, hata bila sare, hata kuosha magari. Kinyua akamwambia kwamba watu wa bima hawatampitisha dereva aliyekiri breki mbovu mara mbili, na kwamba si kampuni hiyo tu, kila kampuni itafungua kurasa hizo hizo. Kisha akasema, "Ungekuja ile Mei, ningekufundisha jinsi ya kukataa."

Tulirudi Nyamasaria kwa miguu. Nilitaka anitukane, aseme ni wewe, Elsie, ni mdomo wako, lakini aliniuliza tu kama viatu vinanibana.

Bedford ilikuwa imesimama mbele ya kibanda changu kilichofungwa, imejaa samaki, na Zadock ameegemea mlango wake. Hatukuwa tumefika karibu alipoanza kusema, "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Mzee!" nikapiga kelele. "Hujaambiwa kitu na unasema pole? Kumbe ulijua!"

"Mama, mimi nilifikiri anajua. Dereva gani hajui?" Akageukia Masinde. "Hii mzigo inangojwa Kericho."

Barabara yote ilikuwa ikitutazama. Nilimshika ndugu yangu mkono, nikamwambia kwa lugha ya nyumbani asipande, heri arudi kuwa kuli, tutakula tutakachopata. Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile shati nililompigia pasi, akatoa leseni, akampa Zadock kabla hajaombwa.

"Kaa nayo, Mzee," alisema. "Mimi sina pahali ya kuipeleka."

Akapanda, akakanyaga breki mara tatu kuzijaribu, akaelekea Kericho.