Kijiko cha Chambo na Kanga ya Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana aibu niliyoipata kwetu Delta enzi za Mwingereza, bora niisimulie mwenyewe kabla mdogo wangu hajaitia chumvi.

Nilikuwa mkata mikoko. Siku moja akaja Mzungu wa misitu kukagua, nikampigia kasia, nikamwona anatupa majini kitu kinachometameta, hakina nyama wala dagaa, na samaki anakuja kukimeza mwenyewe (wallahi nilidhani uganga). Nikarudi nyumbani nikasema nami nitatengeneza changu. Nikachukua kijiko cha mama cha kupakulia mchuzi, nikakikata mpini, nikakitoboa kwa msumari, nikafunga ndoana, uzi mwekundu na manyoya ya mkia wa jogoo (jogoo mwenyewe akawa anatembea nusu uchi, na mama anauliza kijiko, mimi namsaidia kukitafuta).

Sasa wakati huohuo posa yangu ilikuwa imepelekwa Bungu kwa kina Mwanahawa, binti niliyempenda mpaka usingizi ukanikimbia, na wazee wake wakajibu kwamba hawatoi neno mpaka waje waone kwetu. Siku ya kuja kwao nikiwa nimeshavaa kanzu nyeupe, nikajiambia ngoja niende dikoni, pale mitumbwi inapofikia, nijaribu kijiko changu niwapatie wageni kitoweo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nimesimama ukingoni, nikasikia mtumbwi unafika na mama yangu anawapokea wakwe. Kwetu mnajua, kijana hamkodolei macho mama mkwe, anampisha njia, nami kwa adabu zangu nikawapa mgongo, na ili nisionekane nimebabaika nikaendelea kuuzungusha mshipi juu ya kichwa, nikauhisi umekwama nyuma, nikasema huo ni mkoko tu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, mara naona kanga inanipita juu ya kichwa inakwenda kutua majini.

Nikageuka (na kugeuka ndiko kulikonimaliza). Mama mkwe kasimama kichwa wazi mbele ya diko zima, mama yangu anakimbia kumfunika kwa kanga yake, na mimi namtazama usoni, mdomo wazi.

"Turudini mtumbwini!" akafoka baba yake Mwanahawa. "Hapa hakuna mume!"

Nikajitosa na kanzu yangu kuifuata ile kanga. Nililia humo majini, sifichi, nikijua Mwanahawa ndiyo basi tena.

Nilipotoka nimegandwa na tope, kanga mkononi, kichwa nimeinamisha, nikamsikia yule mama anasema, "Baba Mwanahawa, tulia. Mtoto katupa mgongo kwa kutuheshimu. Angekuwa hana adabu angetukodolea macho tangu mwanzo, na kanga yangu ingekuwa kichwani sasa hivi." Kisha akamwambia mama, "Dada, nyumbani ni wapi? Jua kali."

Mwanahawa nikampata. Na tangu siku ile situpi mshipi bila kutazama nyuma, awepo mkwe asiwepo.

Yule mama, Mungu amrehemu, ninamshukuru mpaka leo. Tuliishi naye miaka, akala samaki wangu, akalea wanangu, na kisa hiki hakukitaja hata mara moja, si kwa hasira wala kwa utani. Mimi nilimvua kanga mbele za watu, yeye akanisitiri mpaka anaingia kaburini.