Mwaka Papa Alipotengeneza Ndege

Enzi zetu, na ninazungumzia miaka minne iliyopita, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa amalize, mtoto wa Jeppestown hakuwa na simu. Tulikuwa na vijiwe vya diketo, mchezo wa kurusha na kudaka, tulikuwa na kota moja, ile robo mkate iliyojazwa chipsi, ya kugawana watu wanne, na tulikuwa na karakana ya Papa. Humo tulijirusha kwenye lundo la maranda mpaka Mama, mwenye saluni mlango wa pili, alipotokeza na chanuo mkononi: "Nyinyi mtakohoa mbao mpaka siku za harusi zenu." Leo mdogo wangu ukimwonyesha maranda anauliza yanachajiwa wapi.

Papa alikuwa seremala tangu Bukavu, kabla vita havijatukimbiza hadi huku kusini. Alitengeneza vitanda. Karakana ilinukia gundi, msonobari uliotoka kupigwa randa, na sombe ya Mama, yaani kisamvu, iliyochemka huko nyuma tangu asubuhi. Sasa hivi harufu hiyo ningeinunua. Wakati ule ilinifuata hadi darasani, na Thabo, aliyekaa nyuma yangu, alikuwa akiinusa sweta yangu na kuuliza kwa upole kabisa, "Dada, jana ulilala kabatini?"

Basi Januari ya darasa la saba fomu ya shule ikauliza kazi ya mzazi. Nikaandika: mhandisi wa ndege. Msiniulize kwa nini ndege. Papa akatia saini kwa ile penseli yake bapa nyekundu iliyoishi nyuma ya sikio, akarudi kwenye kitanda cha watu.

Uongo ule niliulisha vizuri, ukanenepa. Kufikia Machi, Papa alikuwa hawezi kula chakula cha mchana kwa sababu marubani wanamsubiri. Thabo akaacha kuninusa. Halafu Mem, mwalimu wetu, akatangaza safari ya kwenda makumbusho ya vita, akaomba mzazi mmoja wa kutusindikiza. Nani alifunga karakana siku nzima ili ajitolee? Eish.

Alikuja na suti ya kanisani. Nilimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara, amesimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, akingoja kuvuka: viatu vinang'aa, tai imenyooka, na penseli iko nyuma ya sikio. Alikuwa ameisahau. Niliomba taa ile isigeuke kijani mpaka nimalize shule.

Ndani ya makumbusho, mzee aliyetuongoza alitupitisha kwenye vifaru na mizinga mpaka tukafika kwenye ndege moja nyembamba yenye injini mbili. Akasema ni ya kubeba mabomu, nyepesi, na Waingereza waliiita Mbu. Kabla hajaendelea, Papa akainama chini ya kamba, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Bwana, haiguswi," mzee akasema.

"Samahani, mzee. Lakini hii ni mbao."

"Umejuaje?"

"Imeniitikia."

Thabo akaona nafasi yake. "Malume," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mjomba huku, "wewe si mhandisi wa ndege? Hukujua?"

Papa akanitazama. Mimi nilikuwa nasoma kamba za viatu vyangu.

"Mimi natengeneza vitanda," Papa akasema, kwa kile Kiingereza chake chenye misumari mingi kuliko mbao.

Thabo alishavuta pumzi ya kuchekea. Mzee akamkata. "Vitanda? Basi watu wako ndio walioiunda hii."

Akatueleza kwamba vita vya pili vya dunia vilipoanza bati la ndege lilikuwa adimu, mafundi wa kabati na piano wakaitwa. Wakubwa walidharau: ndege ya mbao, watu wawili tu ndani, isiyo na bunduki ya kujitetea, itafika wapi? Ikafika mbali. Ilitupa mabomu na kugeuka nyumbani kabla adui hajaivaa. Iliundwa nusu mbili, kama ganda la karanga, kisha zikaunganishwa. Alipofika kwenye gundi, Papa akashindwa kuvumilia. Akatuonyesha kwa viganja jinsi mbao nyembamba zinavyolazwa kwa kupishana nyuzi na kubanwa kwa jiriwa. Akauliza, "Kwenye joto la mvua, gundi haikuachia?" Mzee akacheka. Iliachia kweli, huko Asia, mpaka wakabadilisha gundi. Thabo aliuliza maswali manne. Hakuna hata moja lililohusu kabati.

Tukirudi, Papa alikaa nami kwenye basi. "Ile fomu niliisoma," akasema. "Januari."

Nikageukia dirishani, nikaanza kuhesabu roboti.

"Ndege za vita nilizijua kwa chini tu," akaendelea. "Unaisikia, unamshika mtoto, unakimbia. Leo nimeigusa. Imeundwa vizuri sana, mwanangu. Afadhali vitanda."

Siku hizi watu wananunua vitanda vya unga wa mbao uliogandishwa, vinavyovunjika kabla ya maboksi yake kuchakaa. Karakana sasa inauza vifuniko vya simu. Papa analinda geti la duka kubwa, na randa yake iko chini ya kitanda changu, alichokitengeneza mwenyewe. Huwa naitoa nainusa. Kila mwaka inazidi kidogo kunukia chuma.

Januari hii fomu ilirudi na swali lake lilelile. Nikaandika: seremala. Papa aliisoma mbele yangu, amekalia kitanda changu na sare yake, kofia magotini.

"Na hii pia ni uongo," akasema.

"Gonga ulipokalia, Papa."

Akagonga. Ko, ko. Tukasikiliza wote wawili. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio atafute cha kutilia saini. Enzi zetu hapo palikaa penseli. Nikampa kalamu yangu.