Ngoja-Ipoe na Maji Yasiyodondoka

Mtaani fundi huyu anaitwa Ngoja-Ipoe, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Umpelekee gari linalochemka, roho yako iko juu, yeye anavuta kiti cha plastiki anaketi. Ujanani alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maji yakamrukia. Mpaka leo ngozi ya mkono wake ni kama karatasi iliyokunjwakunjwa ikakunjuliwa. Hana tena haraka.

Mdogo wake wa kike, anayesambaza mikate kwa pikapu, alimpelekea gari shingo upande. Maji yalikuwa yakipungua kila siku na chini halidondoki hata tone. Mafundi wawili walishaapa kwamba gasketi ya silinda hedi imekwisha, injini ishushwe. Gari likilala wiki, kazi ingepewa mtu mwingine.

"Kaka, unalitengeneza au unalilinda?"

"Ngoja ipoe."

Lilipopoa, akachomoa kijiti cha oili: safi, haijageuka maziwa kwa kuingiliwa na maji. Akajaza maji, akawasha kidogo rejeta ikiwa wazi, hakuna povu la gasketi iliyopasuka. Akazima. Kisha akaifunga kwa kifuniko alichokichonga mwenyewe, chenye valvu ya tairi, akasukuma upepo kwa pampu ya baiskeli, jicho kwenye geji ya upepo. Mshale ukapanda, ukatulia, halafu ukaanza kushuka taratibu. Upepo unatoka, ila wapi?

Akawaomba wachomeleaji wa jirani wanyamaze. Wakanyamaza, watu wasionyamaza hata msibani. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza juu ya injini kama daktari kifuani pa mgonjwa. Nyuma ya puli ya pampu ya maji mkono ukasimama.

"Njoo usikilize."

Dada akainama, akaweka ncha ya mpira sikioni. Sauti nyembamba, kama mtoto anayepumua usingizini. Kaka akaingiza kioo na tochi: tundu dogo lenye ukoko mweupe, na tone likivimba polepole mdomoni mwake. Injini ikiwa ya moto, akamweleza, tone hilo hukaukia kwenye chuma kabla halijafika chini. Nani angeliona?

"Kwa hiyo injini?"

"Nzima. Tunabadilisha pampu, kesho unapeleka mikate."

Mchomeleaji mmoja akauliza kama waendelee. Dada, bado ameinama, mpira sikioni, akamwinulia mkono: kwanza asikilize kidogo tena.