Nilimwitikia Tapeli Marahaba, Mkwe Wangu Akaitwa Mwizi

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mkuu mstaafu, naishi karibu na Kiomboi. Hospitali wamenirudisha nyumbani. Figo zimechoka, hakuna la kuongeza. Naandika kwa simu, kidole kimoja, kidogo kidogo.

Mke wangu alishafariki. Aliyenitunza ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, nimwite Mama Upendo. Alinipikia, akanifulia, na kila mwezi alikwenda kunitolea pensheni, kwa hiyo namba yangu ya siri aliijua.

Mwaka jana nilifungua barua pepe nikakuta ujumbe. Ulianza, "Shikamoo mwalimu wangu." Mwandishi alidai nilimfundisha darasa la nne, na sasa anashughulikia uhakiki wa wastaafu. Alitaka namba ya kitambulisho, ya akaunti na ya siri, siku hiyo hiyo, la sivyo pensheni ingesimama. Shule hakuitaja. Sikulijali hilo. Wengi niliowafundisha hunipita njiani kimya, na huyu alianza na shikamoo.

Mama Upendo alipoleta uji nilimwonyesha kwa majivuno.

"Baba, mbona hii anwani ni herufi na namba tu? Halafu ofisi gani inauliza namba ya siri?"

"Mimi nimefundisha watu kusoma kabla baba yako hajaoa."

Akacheka. "Haya, mwalimu ni mwalimu. Ila usijibu, baba. Kesho twende wote tukaulize ofisini kwao."

Alipotoka kuchota maji, nilijibu. Niliandika "Marahaba mwanangu," nikampa vyote, hata tarakimu za uthibitisho ambazo benki ilinitumia kwenye simu baadaye.

Mwisho wa mwezi akaunti ilikuwa tupu. Mwanangu akauliza nani mwingine anaijua namba ya siri.

Mama Upendo akaniangalia. "Baba, si ile barua pepe?"

"Sikuijibu," nikasema. Nilikuwa nimeshaifuta.

Kwetu mkwe habishani na baba mkwe. Aliinama, akaenda kufunga nguo za mtoto. Mwanangu akamrudisha kwao Issuna.

Sasa mwanangu anataka kuoa mwingine. Jumamosi wazee wanakwenda Issuna kuvunja ndoa. Nilidhani nitalia nikiandika haya. Hakuna kinachokuja. Nayasoma kama insha ya mtu mwingine.

Kila Jumapili Mama Upendo hunipigia. Jana aliuliza, "Shikamoo baba. Uji wanakupikia mwepesi?" Nikamwitikia marahaba, kama nilivyomwitikia yule.

Mwanangu ndiye anayenigeuza kitandani. Nikisema, naogopa mikono yake. Nisiposema, nitazikwa na heshima isiyo yangu, na Upendo atakua akiitwa mtoto wa mwizi. Ninyi mnaosoma, nishaurini: nimwite mwanangu peke yake leo, au nilitamke mbele ya wazee kabla hawajaondoka? Pumzi niliyonayo inatosha kulisema mara moja tu.