Risasi Iliyofika Imechoka

Jumamosi moja, saa kumi alasiri, risasi ilitoboa bati la kibanda cha fundi cherehani, ikapita kwenye kiganja chake cha kushoto, ikajikita mezani katikati ya suruali aliyokuwa akiipinda.

Hakuna aliyesikia mlio wa bunduki.

Karakana ya jirani ilikuwa ikikata vyuma, kwa hiyo watu wakasema kelele zimeumeza mlio. Maelezo mepesi humridhisha mtu aliye na haraka.

Nayasimulia haya kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu. Mzee hubeba mengi, lakini si yote.

Fundi huyo mtaani tunamwita Mama Pindo. Ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na tano kutoka kibandani kwake, kuna ghala la ghorofa nne. Juu ya paa la ghala hilo hukaa mlinzi mwenye bunduki, mrefu kupita kiasi, ambaye kila mtu humwita Ngongoti.

Siku moja kabla ya tukio, wawili hao walikuwa wamegombana mbele za watu. Chanzo kilikuwa suruali ya Ngongoti iliyoishia katikati ya muundi.

"Mama Pindo, hii ni suruali au ni kaptura iliyojinyoosha?"

"Mimi hushona watu, baba. Nguzo za umeme sishoni."

"Utanitambua."

Neno hilo moja lilitosha. Jumamosi jioni Ngongoti alikuwa rumande. Walipozihesabu risasi zake, moja haikuonekana. Alisema aliifyatua juma lililopita kuwatisha wezi wa nyaya, akasahau kuandika kitabuni. Nani angemwamini?

Jumatatu asubuhi mkewe alinibishia hodi, macho yamevimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Umekula?"

"Chakula hakipiti. Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfundisha mume wangu. Unamjua. Huyu hata panya akimwona humpisha."

Ni kweli nilimfundisha. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Ngongoti alikaa nyuma dirishani, akitazama mpira wa wenzake. Mpelelezi aliyemkamata naye alipita mikononi mwangu. Yeye alikaa mbele, akinakili hata kikohozi changu.

Sikutaka kwenda. Magoti yalikuwa yananiuma, na nilikuwa na haki ya kupumzika. Lakini mwanamke yule hakuondoka. Aliketi tu, akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake.

Nikatafuta viatu.

*

Nilimkuta mpelelezi kibandani, akiwa na bashasha ya mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kukagua kazi yangu?"

"Marahaba. Nionyeshe."

Alikuwa amechukua uzi wa Mama Pindo, akaufunga kwenye msumari mdogo uliosimama ndani ya tundu la meza, kisha akaupitisha kwenye tundu la bati na kuuvuta nje. Uzi ulipanda moja kwa moja hadi ukingo wa paa la ghala. Pale pale penye kiti cha Ngongoti.

"Mstari ulionyooka, Mwalimu. Kama ulivyotufundisha."

"Nilifundisha kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Risasi sikuitaja."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kosa lile lilikuwa la darasani kwangu. Mtoto hodari alikuwa amehifadhi jibu la swali moja, akalijibia swali jingine.

"Risasi ikitoka tu mtutuni," nikamwambia, "ardhi huanza kuivuta papo hapo. Haingoji ichoke kwanza. Hewa nayo huipunguza kasi njia nzima. Umewahi kumwagilia bustani kwa mpira? Ukiyaelekeza maji juu kwa mshazari, huondokaje?"

"Kwa mshazari."

"Na huangukaje?"

Akafikiri. "Huanguka wima zaidi."

"Basi uzi wako unakuonyesha risasi ilivyomalizia safari yake. Ilikoanzia, hauwezi kukuonyesha."

"Lakini Mwalimu, inaweza kuwa ilitoka hapo juu pia."

"Inaweza. Ndiyo maana hatutazami mwelekeo peke yake. Ilizama kiasi gani mezani?"

"Nusu yake. Tuliing'oa kwa koleo."

"Ncha yake?"

"Nzima."

Nilikaa kwenye kigoda cha mteja.

"Kutoka paa lile hadi hapa hata mita thelathini hazifiki. Risasi ya bunduki ile, kwa umbali huo, bado ina nguvu zake zote. Ingeitoboa meza hii kama karatasi na kuzama ardhini. Hii ilifika imechoka. Ilikuwa imesafiri mbali."

Mpelelezi alikuna kidevu. Sifa yake moja ni kwamba haoni haya kujaribu. Siku iliyofuata alikifunga kichochoro, akaweka ubao wa mti ule ule, wenye unene ule ule, juu ya mchanga, akapanda paani na bunduki ya Ngongoti, akafyatua.

Ubao ulitobolewa upande hadi upande. Risasi tuliifukua mchangani, chini kabisa, imebondeka.

Mafundi wa karakana walipiga makofi. Mke wa Ngongoti alilia. Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha.

"Mwalimu," mpelelezi akaniambia pembeni, "majaribio yako nayakubali. Wakubwa hawatayakubali. Faili linataka jina. Huyu ana bunduki, ana ugomvi, ana risasi iliyopotea. Nisipopata jina jingine, keshokutwa anafikishwa mahakamani."

"Basi tulitafute."

Laiti ningejua.

*

Tulipanda paani, ngazi kwa ngazi, yeye akinishika kiwiko. Nilimwomba anyooshe mkono kuufuata uzi, kana kwamba tunautazama kutoka mawinguni. Kupinda kwa risasi ni kwa juu na chini. Kushoto na kulia haiendi sana, kama hakuna upepo mkali, na Jumamosi ile upepo haukuwapo.

Mkono wake ulivuka soko, ukavuka uwanja wa shule, ukavuka bomba kuu la maji, ukafika kwenye kilima kidogo umbali wa kilomita mbili hivi.

Kilimani pana nyumba tatu. Ya katikati ina paa jekundu.

Ni nyumba yangu.

"Pale kuna nini?" mpelelezi akauliza, amekunja macho kwa jua.

"Nyumba," nikasema.

Nikamwambia kizunguzungu kimenishika, naomba nishuke. Haukuwa uongo.

Jumamosi ile mwanangu wa mwisho, mwanajeshi, alikuwa amepandishwa cheo kuwa sajini. Alipita nyumbani na wenzake wawili, wakiwa na gari la kazi, ili anionyeshe mabega yake mapya. Majirani walikusanyika. Wenzake wakamchochea, naye akafyatua mara tatu hewani. Saa kumi alasiri. Nilikuwepo uani, nikampigia makofi.

Nilimpigia simu aje. Alifika jioni ile ile. Nilimweleza kila kitu: uzi, ubao, mchanga, paa jekundu. Alisikiliza bila kupepesa jicho.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Mimi na wewe."

"Basi imetosha, Mama. Mlinzi atapata wakili. Ushahidi wenyewe ni dhaifu, umesema mwenyewe."

"Nilikulea uniambie hivyo?"

"Ulinilea nile kwa jasho langu. Wakinifukuza nitakula nini?"

"Mwanamke yule vidole viwili havikunjiki. Ni fundi, hana kazi nyingine. Na mtu asiye na hatia analala sakafuni kwa ajili ya mkono wako. Ulifundishwa kutunza bunduki, au ulifundishwa kuchezea watu fataki?"

Niliendelea hivyo kwa muda mrefu. Maneno ya kumkemea mtoto hayanipungukii, nimeyaweka akiba miaka mingi. Aliinamisha kichwa hadi nilipomaliza.

Kisha akainua uso. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mama, unakumbuka nilivyosimama?"

"Ulisimama uani."

"Nilisimama nyuma ya nyumba, nimeelekeza kwenye ule ukingo wa udongo. Ndivyo tunavyofundishwa. Ukilazimika kufyatua, uwe na udongo mbele yako, risasi imezwe hapo hapo. Ulitoka jikoni unakimbia. Ulisema nini?"

Nilianza kukusanya vikombe.

"Ulisema, 'Usielekeze huko, utaua mtu. Elekeza juu.' Nikasita. Ukarudia, mbele ya wenzangu. Nami siwezi kukubishia mbele za watu. Sijawahi."

Saa ya ukutani ilikuwa ikienda. Nilisikia kila pigo lake.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya ubao, nikichora mshale wa ardhi inavyovuta kila kitu, jiwe, unyoya, risasi. Askari aliijua kazi yake. Mwalimu, katika nukta moja ya woga, alisahau somo lake lote na kutoa amri.

"Tulale," nikamwambia. "Kesho tutakwenda pamoja."

"Mama, ukisema hivyo watakuandika na wewe."

"Ndivyo itakiwavyo."

*

Mpelelezi alisikiliza maelezo ya mwanangu, akaandika jina lake polepole, kisha akaweka kalamu chini.

"Andika na langu," nikasema.

"Mwalimu, wewe hukufyatua."

"Mimi nilichagua itakakokwenda. Andika."

"Hakuna kifungu cha sheria cha mama aliyesema elekeza juu."

"Basi andika bila kifungu."

Aliandika. Sijui kama ukurasa ule ulikwenda popote. Lakini nilitia saini yangu chini yake, kwa mwandiko mzuri, kama nilivyotia kwenye ripoti za wanafunzi.

Ngongoti aliachiwa siku hiyo. Alinipita mlangoni, akasimama, akaniamkia mara mbili.

Mwanangu alivuliwa cheo alichokuwa nacho kwa siku sita, akafungwa kambini. Amebaki kazini, kwa huruma ya mkubwa mmoja. Hanipigii simu sana. Akipiga, huuliza afya, nami humwuliza afya.

Mimi sikushtakiwa. Kwa hiyo nilijipangia mwenyewe. Kila alasiri nateremka kilima hadi kibandani kwa Mama Pindo, naketi kushoto kwake, namvutia kitambaa chini ya sindano, kwa kuwa mkono wake haukishiki tena. Nilimweleza ukweli siku ya kwanza. Aliendelea na kazi yake kwa mkono mmoja hadi jioni. Siku ya pili akanionyesha pa kukaa.

"Polepole, Mwalimu," huniambia. "Unakivuta kama mnagombana."

Navuta polepole. Mgongo unauma. Nikirudi jioni, macho yangu yanatazama mabati ya watu, nyumba hadi nyumba.

Maana mwanangu alifyatua mara tatu, na tumeipata moja.

Mbili zilitua mahali fulani. Huenda ni shambani, huenda ni kwenye mtaro. Nimeuliza hospitali zote, hakuna jeraha jingine la risasi lililoripotiwa, na kila anayenijibu hunitazama kama bibi aliyechanganyikiwa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, siku utakaposhawishika kwamba kuelekeza juu ndiyo salama, jiulize kwanza: juu ya nani?